Kila Mzigo na Kifungio Chake

Wanachama wenzetu, msimu wa karafuu ukikaribia huwa twasikia maneno mengi juu ya bei, juu ya wachumaji, na juu ya mvua isiyoshika wakati wake. Juu ya kamba na waya hatusikii neno. Mtu hununua kilichopo dukani, akafungia gunia, akafungia majani ya ng'ombe, na kipande kilichobaki akakizungushia mkarafuu. Sisi twaona kwamba jambo hili dogo latugharimu, na kwamba wakati umefika chama chetu kiwe na msimamo juu yake. Rai yetu ni hii: kifungio huchaguliwa kwa kutazama kilichomo ndani ya mzigo, na kwa kumfikiri yule atakayeufungua. Bei ya dukani huja baadaye.

Ili tulione jambo hili vizuri, natutoke kidogo visiwani twende Shelui. Mwanachama atauliza: sisi na Shelui, wapi na wapi? Shelui ni mji mdogo wa Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, karibu na mlima Sekenke, katika njia kuu itokayo Singida kwenda Nzega na Mwanza. Sekenke ndiko Wajerumani walikochimba dhahabu, na kwa dhahabu hiyo zikapigwa sarafu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916. Nchi ile ni kavu, wala si nchi ya karafuu. Lakini mambo matatu hukutana pale pahala pamoja: pamba, ng'ombe, na taka za barabarani. Kila kimoja chataka kufungwa, na kila kimoja chakataa kifungio cha mwenzake. Ndiyo maana twaona somo liko wazi pale kuliko kwetu.

Tuanze na pamba. Iramba ni moja ya wilaya zilimazo pamba katika bara yetu. Pamba ikishachambuliwa mbegu hushindiliwa kwa mashine, ikawa robota la kilo 181. Mzigo uliobanwa namna ile haukai kimya. Usiku na mchana wasukuma kutoka ndani, wataka kufumuka. Hapo kamba haiwezi. Hutakiwa waya wa chuma au ukanda wa chuma. Tena iko sababu ya pili, nayo ni kubwa zaidi. Unyuzi wa katani au wa gunia ukichanganyika na pamba, kiwandani huonekana ni uchafu. Unyuzi wa kiroba cha plastiki ni mbaya kupita hiyo, kwa kuwa haushiki rangi: kitambaa kikishafumwa na kutiwa rangi, unyuzi ule hubaki umejitokeza kama kovu usoni. Mnunuzi akiiona pamba ya namna hiyo huishusha bei, na mkulima aliyepalilia na kuchuma kwa mikono safi hulipa kosa la kiroba.

Sasa tazama majani ya ng'ombe. Watu wa Iramba ni wafugaji, na kiangazi chao ni kirefu, basi mwenye busara huweka akiba ya majani. Huko Kenya wafugaji wadogo hushauriwa kutumia boksi la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Majani hushindiliwa ndani kwa miguu, yakafungwa, na robota hutoka na uzito wa kilo 20 hivi. Robota hilo halifumuki kwa nguvu kama pamba, basi waya haumfai kitu. Hatari yake, lakini, ni kubwa. Ng'ombe hatafuni kwanza akachagua. Humeza, kisha hucheua. Kipande cha waya cha urefu wa kidole kikiingia pamoja na majani hukaa katika tumbo la pili, na tumbo lile limepakana na moyo. Siku moja hutoboa. Mwenye ng'ombe humwona amesimama mgongo juu, hataki kula, hataki kuteremka mteremko, na maziwa yamekatika. Mara nyingi huwa dawa imechelewa. Majani, basi, yafungwe kwa katani au kwa kamba ya makumbi. Kipande kikianguka kitaoza, na ng'ombe akikila hakimtoboi. Kamba ya plastiki nayo tusiitumie hapo. Haitoboi, lakini hujisokota tumboni ikawa donge.

La tatu ni taka za barabarani. Pahala popote penye mabasi na magari mengi pana chupa za maji zilizotupwa. Chupa tupu ni upepo mtupu. Gari zima laweza kujaa na mzani usione kitu. Mwenye kuzikusanya hana faida ila azishindilie zifungwe marobota. Chupa zilizobanwa hufanya kama pamba, husukuma nje, tena zina makali ya kukata kamba. Hapa waya ndio mahala pake khasa, na atakayelifungua robota ni mtu wa kiwanda mwenye koleo mkononi, anayejua kuutoa waya kabla hajazitia chupa katika visu vya mashine. Waya uliotolewa nao huuzwa kama chuma chakavu. Hakuna kinachopotea.

Mtaona, basi, kwamba katika mji mmoja waya ni rafiki wa pamba na wa chupa, na ni adui wa ng'ombe. Katani nayo ni rafiki wa ng'ombe na adui wa pamba. Aliyenunua kifungio kimoja kwa kazi zote tatu amejitafutia hasara mahali fulani.

Turudi nyumbani. Karafuu si pamba, haishindiliwi. Karafuu kavu ni tete. Ukiibana kiuno cha gunia kwa waya, vichwa hukatika, na karafuu isiyo na kichwa ni kasoro katika upangaji wa daraja popote duniani. Tena mafuta ya karafuu hayapatani na chuma, khasa chuma chenye kutu; rangi huharibika. Na hewa yetu ya bahari haina huruma, waya mweusi uliolala baraza wiki chache za masika huwa umekwisha kuota kutu. Gunia la karafuu lishonwe mdomo kwa shazia na uzi wa katani au wa jute, mishono ya karibu, ncha zikatwe nje zisiingie ndani. Hatutaki kusikia gunia letu limefikishwa kituo cha ununuzi cha Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC) limefungwa waya wa nondo.

Liko kosa jingine ambalo ni letu wenyewe wenye mikarafuu. Mtu humfungia ng'ombe, au huzuia ua, au hutegemeza mche kwa mti wa kuegemea, na kwa kila kazi huzungusha waya kwenye shina. Mkarafuu hunenepa kila mwaka, waya haunenepi. Baada ya miaka michache waya umezama ndani ya gome, na chakula kinachoshuka kutoka majani kwenda mizizini kimezibwa. Mti ambao ungeliwalisha watoto wa watoto wetu hukauka, na mwenyewe husingizia maradhi. Mche uegemezwe kwa kamba ya makumbi, ifungwe kwa ulegevu, na kila mwaka itazamwe.

Hata hivyo hatusemi waya uondolewe mashambani. Ziko kazi zake: uzio juu ya nguzo, kukaza banda, kufunga marobota ya chupa yaliyoanza kukusanywa visiwani. Lakini mnunuzi ajue anachonunua. Waya mweusi laini ni ule uliopashwa moto ukapoa taratibu. Hukunjika na kusokoteka kwa mkono, na wafaa marobota yatakayokaa chini ya paa na kuondoka upesi. Waya mweupe umevikwa zinki, hustahimili mvua na chumvi, na ndio wa uzio. Waya mgumu wa kuruka kama springi ni wa mashine. Mkononi haufungiki vizuri, na ukikunjwa mara mbili tatu hukatika.

Namba za waya nazo huwadanganya wengi. Katika kipimo cha Kiingereza, namba ikizidi waya hupungua. Namba 18, wanaofungia nondo mafundi wetu, una unene wa milimita 1.2 hivi. Namba 12 una milimita 2.6. Kwa macho wa pili ni mara mbili tu ya wa kwanza, lakini chuma kilichomo ni zaidi ya mara 4, na nguvu hufuata chuma kilichomo. Mtu anayefungia robota zito kwa nyuzi nyingi za namba 18 ajitia katika mashaka: ukikatika mmoja, mzigo wote huhamia kwa wenziwe, nao hufuatana. Na waya uliokwisha kutumika ukanyoshwa usifungiwe tena mzigo uliobanwa, maana palipokunjwa pamechoka. Anayekata waya wa robota asisimame mbele yake. Ncha hurusha kama fimbo, na jicho halina badali.

Najua wako watakaosema kwamba katani ni ghali na huoza, na plastiki ni rahisi na hudumu. Kuoza kwa katani shambani ndio wema wake. Ama gharama, tukumbuke historia. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo nchi ilipanda mpaka mwaka 1964 ikatoa zaidi ya tani 200,000, na sehemu kubwa ikawa uzi wa kufungia majani makavu katika mashamba ya Ulaya na Amerika. Kisha ikaja kamba ya plastiki, wakulima wa huko wakabadili kifungio, na moja ya sababu za mkonge wetu kuanguka ikawa hiyo. Mkulima wa mbali alibadili uzi, na maelfu ya watu wa Tanga wakakosa kazi. Nani tena aseme kifungio ni jambo dogo?

Basi twapendekeza mambo matatu. Kwanza, chama kinunue uzi wa katani kwa jumla kabla ya msimu, na wanachama wauziwe kwa bei ya ununuzi. Kamba za makumbi zinunuliwe kwa akina mama wa pwani wanaozisokota, fedha ibaki visiwani. Pili, kila penye majamvi ya kuanikia pawe na debe la kutia vipande vya waya na plastiki, na mtoto mmoja apewe kazi ya kulichunga. Tatu, katika mkutano wa wanachama tukubaliane kwamba gunia lililofungwa waya halipokelewi katika mzigo wa pamoja wa chama, awe mwenyewe ni nani.

Shelui wana pamba na ng'ombe, sisi tuna karafuu, na sote twauza kwa mtu asiyetujua. Mtu huyo hatauona uso wetu wala jasho letu. Ataiona kamba kwanza, kisha ataifungua.