Jumba la Savannah na banda lake

Anayewasimulia wanafunzi asili ya chama cha maskauti wasichana cha Marekani huanzia kwenye jumba la akina Gordon mjini Savannah, alikozaliwa mwanzilishi wake, Juliette Gordon Low, mwaka wa 1860. Chama kililinunua mwaka wa 1953 na kulifungulia wageni mwaka wa 1956. Heshima hiyo hatuipingi. Lakini jumba hilo lilihudumiwa na watumwa, na babake Juliette alilipigania jeshi la majimbo yaliyotaka utumwa udumu. Mwalimu anayeyaruka hayo huwa amefunza nusu tu ya historia.

Isitoshe, kazi yenyewe haikuanzia humo. Bi. Low, mjane aliyekuwa karibu kiziwi kabisa, alikutana na Baden-Powell (ndiye huyu ambaye kaburi lake liko Nyeri) mwaka wa 1911. Mnamo Machi 12, 1912 akawakusanya wasichana 18. Makao yao yakawa banda la magari ya farasi, nyuma ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Sisi tungeanzia kwenye banda hilo, ambalo Bi. Low aliwarithisha maskauti wa Savannah alipofariki mwaka wa 1927.