Bomba Tupu Haligandi: Mahali pa Kuoshea Mabuti Nyumbani

Huko Kinangop, ambako mashamba mengi yako zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mkulima aamkaye alfajiri kukama ng'ombe katika mwezi wa Januari au Februari huweza kukuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu, na maji yaliyolala katika karai yamefanya utando wa barafu. Mabuti ya mpira yaliyoachwa nje na matope yake yamekuwa magumu kama matofali. Mpira wa maji uliolala majanini umeziba. Basi mwenye haraka huyavaa vivyo hivyo, na udongo alioukanyaga jana katika shamba la jirani, alikokwenda kusaidia kuchimba viazi, anautia leo katika shamba lake mwenyewe.

Hasara yake si ndogo. Ugonjwa wa mnyauko wa viazi huletwa na bakteria wakaao udongoni, nao husafiri kwa mbegu, kwa maji, kwa jembe na kwa kiatu. Ukiisha kuingia hapana dawa ya kuuponya. Tena mwaka 2015 iligunduliwa nchini Kenya, kwa mara ya kwanza, minyoo midogo ya mizizi ya viazi ambayo mayai yake hukaa katika vifuko vigumu ndani ya udongo, na yaweza kungoja humo miaka 20 na zaidi. Kifuko kimoja ni kidogo kuliko kichwa cha pini. Bonge moja la matope chini ya kisigino lina nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo yafaa kila mji wa mkulima uwe na mahali pa kuoshea mabuti, na mahali hapo pafanye kazi hata asubuhi ya sakitu. Watu wengi hudhani dawa ya baridi ni kununua bomba nene. Sivyo. Maji yakiganda hupanuka kwa kadiri ya sehemu 9 katika kila 100, nayo hupasua hata chuma. Watu wa nchi za baridi kali walikwisha kulitambua jambo hili. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako upande wa kaskazini misingi ya nyumba hutakiwa ifike sentimita 150 chini ili kuikwepa ardhi inayoganda, bomba la uani hufungiwa chini kabisa, si juu penye mkono wake. Mkono ukishushwa, njia ya maji hufungwa kule chini, na tundu dogo hufunguka ili maji yaliyobaki yateremke katika kokoto. Bomba husimama tupu usiku kucha.

Kinangop ardhi haigandi hivyo. Baridi yake ni ya saa chache kabla ya mapambazuko. Hapana haja ya kuchimba kisima ili kulaza bomba. Sentimita 30 zatosha. Lakini kanuni ni ile ile. Bomba litoke kwenye tangi la maji ya mvua, literemke kidogo kidogo mpaka penye nguzo ya kuoshea, kisha lipande hadi kwenye mfereji. Mahali palipo chini kuliko pote itiwe koki ndogo ya kumwagia maji, ndani ya kishimo kilichojazwa mawe. Jioni koki ya tangini hufungwa, ile ya chini hufunguliwa, na mfereji wa juu huachwa wazi. Jambo hili la mwisho ndilo husahauliwa. Mtu akiziba mrija wa pombe kwa kidole, pombe haishuki. Vivyo hivyo maji hayatoki bombani ikiwa hewa haina pa kuingilia. Koki ya tangini ifungwe gunia kavu. Asiye na bomba atumie debe lenye koki, na usiku alilaze jikoni.

Mahali penyewe pachaguliwe kwa akili. Pasiwe bondeni, kwa maana hewa ya baridi huteremka kama maji. Pawe na paa, hata la nyasi, kwa sababu usiku usio na mawingu wala upepo ardhi hutoa joto lake kwenda mbinguni. Ndiyo maana majani ya chini ya mti huonekana mabichi asubuhi ilhali ya uwanjani ni meupe. Sakafu ya saruji, mita moja kwa mita moja, yatosha, nayo ikwaruzwe kwa ufagio kabla haijakauka, isije ikamwangusha mwenye ndoo ya maziwa. Wako watakaoshauri kumwaga chumvi ili maji yasigande. Chumvi italinda maji na kula chuma; majivu ni bora.

Kando ya sakafu chuma bapa kisimikwe wima kwa kukwangulia matope, na burashi mbili ngumu zipigiliwe misumari ubaoni, nywele juu. Kwanza kukwangua, ndipo maji, na dawa ya kuua vijidudu iwe ya mwisho, maana dawa ikitiwa juu ya matope huishia katika matope.

Maji machafu yasielekezwe mtoni wala katika mtaro wa shamba, kwani hapo ugonjwa utakuwa umeoshwa kiatuni na kupelekwa mlangoni. Yaingie katika shimo la mawe, mbali na kisima na chini yake. Viazi vikichipua kandokando ya shimo hilo ving'olewe na kuchomwa moto, hata vikistawi namna gani.