Wimbo Usio na Hadhira

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuambiwa kwamba fasihi simulizi ina fanani na ina hadhira. Swali hilo tumelijibu katika mitihani tangu shule ya upili, tukaongeza kwamba kuna hadhira tuli na hadhira tendi, tukapewa alama zetu. Nami nilikuwa na yakini na jibu hilo hadi usiku mmoja wa matanga huko Navakholo, Kaunti ya Kakamega, nilipoketi karibu na moto, daftari magotini, nikiitafuta hadhira nisiione.

Alikuwa amefariki kukhu wetu, ndivyo tumwitavyo nyanya. Nilikwenda kwa mambo mawili: kumzika, na (nakiri bila fahari) kukusanya mbolezi kwa ajili ya tasnifu. Yapata saa tano usiku mazungumzo yalififia. Mama mmoja aliyekuwa akipanga sufuria upande wa jikoni akaanza kuimba, si kwa sauti ya kuwaita watu, bali kama mtu anayejisemea. Hajaumaliza mshororo wa kwanza, mwenziwe aliyekuwa akisuuza vikombe akamdaka. Wanaume waliouzunguka moto wakaingia kwa sauti nzito, kila mmoja akiendelea na lake. Mmoja hakuacha hata kuchochea kuni. Kufikia mara ya tatu ya kiitikio sauti zilikuwa zimekwisha kujigawa: za akina mama zimepanda, za vijana zimekaa katikati, za wazee zimeshika chini. Hakuna aliyempangia mwenzake sauti ya kushika. Hakuna aliyesimama mbele kuongoza. Katika boma zima palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akisikiliza bila kuimba, naye alikuwa mimi, mwenye shahada ya Kiswahili. Shangazi yangu alinitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, siku hizi umekuwa mgeni?”

Swali hilo ndilo chanzo cha makala haya. Kwa shangazi, mtu asiyeitikia si hadhira, ni mgeni. Naye mgeni hupewa kiti, wala hahesabiwi katika wimbo. Ni maoni yangu kwamba mgawo wa fanani na hadhira, jinsi tunavyofundishwa na jinsi sisi wenyewe tunavyowafundisha wengine, hautoshi kuueleza wimbo unaozuka papo kwa papo miongoni mwa watu. Kwa kuung’ang’ania mgawo huo, tunapoteza sehemu kubwa ya wimbo tunapouhamishia katika daftari.

Simlaumu M. M. Mulokozi. Katika makala yake “Tanzu za Fasihi Simulizi”, yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na muktadha wake, mahali pake na wakati wake. Mwenye kuyasoma makala hayo kwa utulivu atauona mlango ulio wazi. Sisi tuliomfuata ndio tuliouegesha. Tulizichukua tanzu, tukaliacha tukio. Kwa kuwa nyimbo aliziweka chini ya ushairi, tukahitimisha kwamba wimbo ni shairi lililopewa mahadhi, tukaanza kuhesabu beti. Mwanafunzi wa leo atakutajia bila kusita hodiya, wawe, kimai, nyiso, mbolezi na bembezi. Mwambie aanzishe wawe mmoja shambani uone kama kuna atakayemwitikia.

Matokeo yake yamo katika tasnifu zetu nyingi, yangu ikiwamo. Maneno ya mwanzishaji yameandikwa kikamilifu, yakatafsiriwa, jazanda zake zikachambuliwa ukurasa baada ya ukurasa. Kiitikio kimeandikwa mara moja, kikafuatwa na alama inayoonyesha kuwa hurudiwa mara mbili. Hurudiwa? Katika matanga yale kiitikio hakikurudiwa hata mara moja. Maneno yalikuwa yale yale, lakini kila kilipozunguka kiliongezewa sauti, au kilipunguziwa, au kilicheleweshwa kidogo kwa sababu bibi mmoja alikuwa amezidiwa na kilio na wenziwe wakamngojea. Kungojeana huko hakumo katika daftari langu.

Lugha yetu yenyewe inajua zaidi kuliko madokezo yetu ya darasani. Kiitikio kimetokana na kuitikia, na kuitikia kumetokana na kuitika. Mtoto akiitwa na mzazi wake kisha akanyamaza, hatusemi kwamba ni hadhira tuli. Twasema hana adabu, au kuna jambo limempata. Kuitika ni wajibu wa anayeitwa, tena ni ushahidi kwamba yupo. Mwanzishaji wa Navakholo haonyeshi umahiri mbele ya watu, anaita. Wimbo huwa wimbo pale unapoitikiwa, na usipoitikiwa huzimika. Nimeushuhudia ukizimika, na hakuna aliyemcheka mwanzishaji. Walijua tu kwamba wakati wake haujafika.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Zipo sifa tunazopewa na wageni, na ambazo wakati mwingine tunazipokea kwa tabasamu, kwamba Mwafrika huzaliwa akiimba, kwamba mdundo na upatanifu wa sauti vimo katika damu yake. Sifa hizo hazitusaidii, maana kilichomo katika damu hakihitaji kufundishwa wala hakiwezi kupotea. John Blacking, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wavenda wa Afrika Kusini katika miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake How Musical Is Man? cha mwaka 1973 kwamba katika jamii hiyo kila mtu wa kawaida hutarajiwa kuwa na uwezo wa kuimba. Neno la kushikilia hapo ni kutarajiwa. Mtoto wa Navakholo huisikia sauti ya pili akiwa mgongoni mwa mama yake, kabla hajajua kwamba ipo ya kwanza. Akitembea huitafuta mwenyewe. Akikosea hakemewi, sauti za wakubwa humfunika hadi apate pa kusimama. Hayo ni malezi, tena ya miaka mingi. Yakikatizwa kwa kizazi kimoja, damu haitamkumbusha mtu chochote.

Nayo yanakatizwa. Palipopandwa miwa, kazi za pamoja zenye nyimbo zilipungua, kwa kuwa shamba la mahindi huwakusanya watu kwa palizi kila msimu, ilhali miwa ikishafunga majani huachwa ikue zaidi ya mwaka bila jembe. Katika matanga, vipaza sauti vya kukodi huzimeza sauti za watu; anayeketi mbali na spika hana haja ya kuitikia, na hata akiitikia hasikiki. Majirani zetu Waisukha na Waidakho wanalijua hilo vyema. Ngoma yao ya isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, na kwamba watu mara nyingi hupendelea burudani za kisasa. Isukuti walau ina ngoma tatu zinazoonekana kwa macho na kuweza kupigwa picha. Je, kiitikio cha jikoni nani atakiorodhesha?

Wapo watakaonijibu kwamba kwaya zimeuokoa uimbaji huu. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1927, limewapandisha jukwaani watoto wengi sana wakiimba nyimbo za makwao, na marehemu Arthur Kemoli alionyesha kwamba nyimbo za Magharibi mwa Kenya zaweza kupangwa kwa ajili ya kwaya bila kupoteza utu wake. Nawaheshimu. Lakini jukwaa lina viti vilivyolielekea, na palipo na viti hivyo hadhira huzaliwa.

Huenda msomaji anajiuliza Kiswahili kinaingilia wapi, ikiwa nyimbo zenyewe ni za Kinyala. Kinaingia pakubwa. Usiku ule wimbo wa Kinyala ulipotua, pambio la Kiswahili lilidakia, kisha wimbo kutoka Tenzi za Rohoni, kisha Kinyala tena, bila mtu kutangaza zamu. Sababu haikuwa dini peke yake. Boma lile lilikuwa na wakwe Waluo, Wateso na Wakalenjin, na kila waliposogea karibu na moto, Kiswahili kilianzishwa ili nao wapate pa kuingilia. Niliona mkwe mmoja aliyekuwa kimya tangu jioni akitoa sauti ya chini ambayo sikuitarajia, na pale pale akasogezewa kigoda karibu na wazee. Tumeandika mengi juu ya Kiswahili kama lugha ya taifa, ya biashara na ya elimu. Kazi hii ya kumtoa mtu katika ugeni kwa kumpa kiitikio nayo inastahili sura yake.

Nawasihi basi wenzangu wa chama hiki, na walimu wetu wanaotusimamia, tubadili namna ya kukusanya. Najua pingamizi litakalokuja: sisi si idara ya muziki, na wengi wetu hatujui kusoma nota. Sidai nota. Nadai tuandike nani aliitikia, kutoka wapi, akifanya kazi gani, sauti zilijigawa lini, nani alingojewa, nani alinyamaza na kwa nini. Hayo yote yanaandikika kwa Kiswahili sanifu. Aidha, mtafiti asiyethubutu kuitikia akiri hivyo katika sura ya mbinu za utafiti, ili msomaji ajue wimbo huo ulisikilizwa kutoka kwenye kiti cha mgeni.

Baada ya arubaini nilimpelekea shangazi nakala ya nyimbo nilizokusanya, nikamsomea mmoja kwa sauti, mshororo kwa mshororo, pamoja na tafsiri yake. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia kwamba maneno nimeyapata sawasawa. Kisha akauliza, “Na sisi tuko wapi?” Nilirudi kwenye kinasa sauti nikitumaini kumsikia yeye na wenziwe. Lakini usiku ule nilikuwa nimekiweka karibu na moto, penye wazee, na kutoka jikoni, wimbo ulikoanzia, husikiki ila mlio wa sufuria.