Madoa Meupe Menoni: Mtoto Hana Kosa, Wakubwa Wanalo

Madoa meupe kwenye meno ya watoto wa wilaya ya Kasese, Uganda, yamezoeleka mno. Mwalimu huyaona kila siku na kunyamaza. Mzazi husema ni ya ukoo. Ofisa wa maji husema maji ni safi, wa afya husema hakuna aliyekuja kulalamika. Lawama humwangukia mtoto, anayeambiwa hapigi mswaki vizuri. Gazeti hili linasema lawama hiyo ni ya dhuluma. Mara nyingi doa liliingia kabla jino halijachomoza kwenye ufizi, mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Wenye wajibu wakati ule walikuwa watu wazima, na ndio wanaopaswa kuulizwa.

Madoa haya si ya aina moja, na anayeyatibu bila kuyatofautisha anabahatisha. Doa la jino linaloanza kuoza hukaa kando ya ufizi. Ni jeupe kama chaki, halina mng'ao, na huonekana zaidi jino likifutwa likakauka. Hilo ni zao la sukari na utando uliolala juu ya jino. Doa la pili hubaki pale ambapo homa kali, utapiamlo au jeraha vilivuruga jino la ukubwani lilipokuwa likijengeka. La tatu ni la kuzidi kwa floraidi, madini yaliyomo katika maji: vistari vyembamba au mawingu meupe yanayopita mlalo, ya kushoto yakifanana na ya kulia. Hali ikiwa mbaya, jino huwa la kahawia na kuchimbika. Floraidi huacha alama hiyo jino likiwa bado linaumbika, tangu mtoto azaliwe hadi miaka 8 hivi. Muda huo ukipita bila ulinzi, haurudi.

Kasese haiwezi kudai kwamba haikuambiwa. Mwaka 1999 Charles Mugisha Rwenyonyi wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wenzake wa Norway, walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa wilaya hii na wale wa Kisoro. Maji ya Kisoro yalikuwa na miligramu 2.5 za floraidi kwa lita. Ya Kasese yalikuwa na miligramu 0.5, chini kabisa ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni 1.5. Hata hivyo madoa yalionekana hapa pia, na watoto wa mlimani walikuwa nayo zaidi kuliko wale wa bondeni Mpondwe, ingawa maji yao yalikuwa ya kiwango kimoja. Kwa hiyo ofisa anayesema "maji yako ndani ya kiwango" hajamaliza kazi yake. Tena wilaya hii ina vijito vya Rwenzori, mabomba ya mtiririko, visima vya pampu, na ardhi ya mashimo ya volkano kutoka Katwe hadi Kikorongo. Chupa moja iliyopimwa mjini haiwezi kuzungumza kwa niaba ya vyanzo vyote hivyo.

Wananchi nao wanastahili kuambiwa ukweli. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inayobaki huwa nzito zaidi. Kitambaa cha kuchujia na vidonge vya klorini haviiondoi pia. Palipo na floraidi nyingi, dawa ni kubadili chanzo au kutumia vichujio maalumu, kama vile vya mkaa wa mifupa ambavyo Tanzania imevifanyia kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha.

Lakini ole wake atakayesikia haya akaitupa dawa ya meno. Floraidi hiyohiyo, ikipakwa juu ya jino kwa kiasi, hulikinga na kuoza, na huweza kulirudisha doa la chaki kabla halijawa tundu. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Mzazi asimame pale ili mtoto ateme, asimeze. Soda na peremende zisiwe za kutwa nzima.

Kwa wenye madoa tayari, tunaonya dhidi ya limau, mkaa na magadi ya kusugulia. Gamba la jino likilika halioti tena. Daktari wa meno anaweza kupaka floraidi nzito kwenye doa la kuoza, kusugua tabaka jembamba la juu, kujaza utomvu maalumu ndani ya doa, au kulifunika jino. Doa jepesi la floraidi halidhoofishi jino, na mara nyingi halihitaji kuguswa.

Lipo pia jambo la aibu. Katika desturi inayojulikana Uganda kwa jina la ebiino, mtoto mchanga mwenye homa au kuhara huchokonolewa ufizi, wakati mwingine kwa sipoki ya baiskeli, eti anatolewa meno mabaya. Kinachong'olewa ni chipukizi la chonge lake. Akipona, jino la ukubwani laweza kutoka na kovu au lisitoke. Wengine huambukizwa na kufa. Sheria ya Watoto ya Uganda inakataza mila zinazodhuru afya ya mtoto. Mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1) anayemjua mganga wa namna hii na kunyamaza anashiriki kosa.

Asiseme mtu kwamba wilaya haina uwezo. Juni 2019 Ebola ilipovuka mpaka kutoka Congo, wagonjwa walitengwa Bwera, hapa wilayani, waliokuwa karibu nao wakafuatiliwa mmoja mmoja, na maambukizi hayakuenea nchini. Hatari ya meno haina king'ora, ndiyo maana inadharauliwa. Na mdharau mwiba mguu huota tende.

Tunataka haya yafanyike. Ofisi ya maji ipime floraidi katika kila chanzo kinachonywesha watu, ibandike matokeo kwa Kiswahili na Lhukonzo, na ipime pia chumvi na magadi yanayoingia jikoni. Idara ya afya iwafundishe wakunga na wahudumu wa vijijini kufunua mdomo wa mtoto kila siku ya chanjo. Shule zikague meno kila muhula na kumwandikia mzazi. Mzazi naye ampeleke mtoto hospitalini, kwa mganga asifike. Baraza la wilaya liombe taarifa ya kila ofisi hadharani, na ofisa atakayekuja bila vipimo aandikwe kwa jina kuwa hakutimiza wajibu wake.