KILA UPANDE UNA PROFESA WAKE



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi chama chetu kina neno gani juu ya vita vya Waisraeli na Wapalestina. Wanachama huja na vitabu mikononi. Mmoja husema, "Profesa fulani ameandika hivi." Mwenzake humtolea profesa mwingine, kisha kila mmoja husema mtaalamu wa mwenzake amenunuliwa. Sisi twaona kwamba kabla ya kupitisha azimio lo lote, yafaa tujue namna ya kumpima mtaalamu.

Upendeleo upo, hapana shaka. Wahenga walisema, akipenda chongo huita kengeza, na kusoma chuo kikuu hakumwondolei mtu mapenzi yake. Lakini kumwita mtu mwenye upendeleo si ushahidi.

Mwaka 1984 mwandishi wa Marekani, Joan Peters, alitoa kitabu kinene akidai kwamba Waarabu wengi wa Palestina hawakuwa wenyeji, bali walikuja karibuni kufuata kazi zilizoletwa na Wayahudi. Kitabu kilisifiwa sana huko Marekani. Ndipo mwanafunzi mmoja, Norman Finkelstein, akalinganisha maneno ya kitabu na karatasi zilizotajwa ndani yake, akaona hayapatani. Mwaka 1986 Yehoshua Porath, profesa wa Jerusalem, naye akakikosoa vikali. Porath alikuwa Mwisraeli. Kama tungempima kwa taifa lake, tungalimhesabu upande wa kitabu kile.

Tutazame jambo la pili. Katika vita vya 1948 Waarabu wapata 700,000 walipoteza makao yao. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba viongozi wao wenyewe waliwaamuru kwa redio waondoke. Mwaka 1959 Walid Khalidi, Mpalestina, aliandika kwamba alichunguza matangazo ya wakati ule asione amri hiyo. Huko Ulaya na Marekani waliomsikiliza walikuwa wachache. Karibu miaka 30 baadaye Benny Morris, Mwisraeli, alisoma karatasi za serikali ya Israeli zilizokuwa zimefunguliwa. Akaonyesha kwamba wengi walikimbia mashambulio na hofu ya vita, na wengine walifukuzwa na askari, kama katika miji ya Lydda na Ramle mwezi wa Julai 1948. Hapo ndipo watu walipotega masikio.

Upendeleo huu haukuwa katika kitabu, ulikuwa katika sikio la msomaji. Wafanya kazi twaujua. Kibarua akisema amekatwa mshahara huitwa mchochezi; karani wa tajiri akifungua daftari, neno lile lile huwa habari ya kweli.

Hata hivyo Morris naye si mwisho wa maneno. Nur Masalha, Mpalestina, alisema Morris alipunguza uzito wa yale aliyoyaona. Efraim Karsh, Mwisraeli, aliandika mwaka 1997 kwamba alizipotosha karatasi. Tena Morris alitegemea zaidi karatasi za Israeli, kwa kuwa za serikali za Kiarabu kwa sehemu kubwa zilikuwa zimefungwa. Mashindano kama haya ni mema, kwa sababu kila mmoja hutaja karatasi yake, na mwingine aweza kwenda kuitazama.

Mashindano mabaya ni yale ya kumkata mtu riziki. Mwaka 2002 mhariri mmoja wa Manchester aliwaondoa Gideon Toury na Miriam Shlesinger katika magazeti yake ya kitaaluma kwa kuwa walifanya kazi katika vyuo vya Israeli. Kosa la kazi yao halikutajwa. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Illinois kilimnyima Steven Salaita kazi aliyokwisha kuahidiwa, naye alikuwa ameacha kazi yake ya kwanza. Sababu ilikuwa maneno makali aliyoandika katika mtandao juu ya Israeli wakati wa vita vya Gaza. Mwaka 2015 chuo kilikubali kumlipa dola 600,000, lakini kazi hakupewa. Mwalimu wa chuo naye ni mfanya kazi. Anayemlilia mmoja wa hawa na kumcheka mwingine hatetei haki ya kazi, anatetea bendera.

Wako watakaosema kwamba kupima hivi wakati watu wanakufa ni kumsaidia mwenye nguvu. Sivyo. Mwenye kudhulumiwa akiteteshwa kwa kitabu cha uwongo, siku uwongo ukifichuliwa na haki yake hucheka nayo watu.

Hatumwambii mwanachama akae kimya, wala asichague upande. Twashauri kila tawi liteue watu wawili wanaosoma Kiingereza vizuri, wasome vitabu vinavyopingana, kisha waueleze mkutano kila mwandishi alitumia karatasi gani na ameacha zipi. Baadaye azimio lipigiwe kura.