Acha maneno, sikiliza nyuma yake

Leo nina jambo linalonikera, na naanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilitumiwa sauti kwenye simu. Diwani mmoja anasikika akidai "chochote" ili kiwanja cha watu kipite. Nikashangilia, habari hiyo! Nikaiandika haraka haraka, ikabaki kurushwa tu. Kabla ya taarifa ya saa mbili usiku, fundi mitambo wetu akavaa hedifoni, akairudisha mara tatu, kisha akaniambia: "Mdogo wangu, acha maneno, sikiliza nyuma yake."

Nyuma kulikuwa na adhana. Ilikatika katikati ya neno, lakini diwani akaendelea kuongea kama kawaida. Pamekatwa hapo! Nikampigia aliyenitumia, nikaomba rekodi ya mwanzo. Akazima simu. Habari haikuruka, na usiku ule sikulala. Ningemzika mtu mzima mzima kwa sababu ya sekunde arobaini.

Sasa nauliza: fundi yule akistaafu, nani atasikiliza?

Wenzetu wameifanya kazi hii kuwa taaluma. Mwaka 1974, katika kashfa ya Watergate kule Marekani, wataalamu sita walichunguza kanda ya Rais Nixon iliyokuwa na pengo la dakika 18 na nusu. Wakaonyesha kwamba ilifutwa kwa kubonyeza vitufe kwa mkono, mara tano au zaidi, si mara moja tu. Leo Chuo Kikuu cha Colorado Denver kinatoa shahada ya uzamili ya uchunguzi wa sauti na picha. Mwanafunzi anasoma fizikia ya sauti, kompyuta, takwimu na sheria. Anajifunza hata mvumo wa umeme: hapa kwetu ni hezi 50, lakini hupanda na kushuka kidogo kila wakati, na ukinaswa ndani ya rekodi unaweza kusaidia kujua ilirekodiwa lini.

Na sisi je? Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, na inamtaka hakimu apime jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Atapima kwa msaada wa nani?

Wapo watakaosema programu za kompyuta zitatumalizia kazi. Jamani! Programu hizo hizo ndizo zinazoghushi. Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire walipigiwa simu na "Rais Biden" ambaye hakuwa Biden. Programu inakupa uwezekano tu. Anayesimama kizimbani kuhojiwa na mawakili ni binadamu, na mtaalamu wa kweli ni yule mwenye ujasiri wa kusema "hapa siwezi kujua". Sisi waandishi neno hilo linatushinda.

Vyuo vyetu vya uandishi vinafundisha kutangaza. Vianze kufundisha kusikiliza. Wahandisi, wanasheria na wanaisimu wetu wakae darasa moja, waanze hata na kompyuta tatu na hedifoni nzuri. Mimi nimeshaanza kidogo kidogo: kila sauti inayoniingia naomba faili la mwanzo, siandiki mstari kabla ya kulipata.

Wewe uliyesambaza sauti asubuhi ya leo, ulisikiliza nyuma yake?