Kabla Uulize Bei ya Midomo

Wasee, leo nitaudhi watu, na wengine ni mabeshte zangu.

Wiki jana nilipata ofa kwa WhatsApp. Fila ya midomo, bure kabisa. Kazi yangu? Video moja fupi: nicheke, nijiangalie kwa kioo, niseme haikuuma hata kidogo. Halafu mfuasi wangu akitaja jina langu, apunguziwe bei.

Nikamjibu na maswali matatu. Wewe ni daktari? Hiyo dawa inaitwaje? Na ikiingia kwa mshipa wa damu utafanya nini? La kwanza alinitumia emoji ya kicheko. La pili akasema "ni ya ng'ambo, ni poa." La tatu, tiki mbili za bluu. Mpaka leo.

Sasa hilo la tatu ndilo nataka tuongee.

Fila si Botox. Botox inalegeza misuli. Fila ni jeli inayodungwa chini ya ngozi ijaze nafasi. Nyingi zimetengenezwa na asidi ya haialuroniki, na mwili huziyeyusha polepole, mara nyingi kwa miezi sita hadi mwaka au zaidi kidogo. Yaani hiyo midomo umekodisha tu. Kodi ikiisha, unalipa tena.

Kuvimba siku mbili tatu ni kawaida. Noma iko kwa mishipa. Uso umejaa mishipa ya damu, na jeli ikiingia ndani ya mmoja, damu haipiti. Ngozi iliyokuwa inategemea mshipa huo inaanza kufa. Na mishipa ya pua na ya katikati ya nyusi imeungana na ya jicho. Jeli ikifika huko, mtu anaweza kupofuka kwa dakika chache, na mara nyingi kuona hakurudi. Ni nadra, ndiyo. Lakini ikikupata wewe, nadra itakusaidia na nini?

Kuna dawa ya kuyeyusha fila ya aina hiyo. Inaitwa haialuronidesi, na ngozi ikianza kukosa damu inafaa idungwe haraka. Kwa hivyo iwe hapo chumbani, si "ngoja niagize." Na haiyeyushi silikoni. Ukidungwa silikoni na mtu wa mtaani, kuitoa ni kisu, na hata kisu hakihakikishi itatoka yote.

Ile kalamu isiyo na sindano mnayoagiza mtandaoni mjifanyie kwa bedroom? Mwaka wa 2021 FDA ya Marekani ilionya watu wasiitumie kabisa. Inasukuma jeli kwa presha, na hakuna anayejua inaishia wapi.

Najua mtaniambia: "Wewe ni nani upangie watu sura zao?" Sawa. Sina shida na midomo mikubwa. Uso ni wako, doo ni zako. Shida yangu ni sisi wa video, tunaolipwa kwa sindano halafu tunaiita maoni ya kweli. Naulizwa bei na wasichana wa kidato cha tatu! Kule England, tangu Oktoba 2021, kumdunga mtu wa chini ya miaka 18 fila ya urembo ni kosa la jinai. FDA nayo imeidhinisha fila kwa wenye miaka 22 kwenda juu. Sisi tunawapa watoto punguzo.

Kama umeamua utafanya, basi fanya hivi. Itisha jina kamili la anayekudunga, ulitafute kwa orodha ya madaktari iliyo mtandaoni ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari Kenya. Cheti cha wiki moja kilichowekwa fremu ukutani si leseni. Itisha pakiti ifunguliwe mbele yako, upige picha ya jina la dawa. Mwambie kama una mimba, mzio, au huwa unatokwa na vidonda vya homa mdomoni. Halafu uliza: "Ile dawa ya kuyeyusha iko wapi? Nionyeshe."

Na baada ya kudungwa, ukiona ngozi imekuwa nyeupe au ya samawati, maumivu yanazidi badala ya kupungua, au macho yanaona ukungu, usiweke barafu ulale. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usingoje yeye ajibu WhatsApp.

Mtu asiyejua kurekebisha uso wako hana ruhusa ya kuugusa. Muulize swali la tatu. Akikubloku, amekuokoa.

Mtumie hii yule beshte ako na miadi Jumamosi.